UZI: Kupiga picha rodeo kutoka jukwaani bila kitambulisho cha mwanahabari, tupeane maujanja

#1 Lenzi Chakavu

Wakuu, heshima zenu.

Tangu nitupie zile picha za mafahali naulizwa sana kwenye meseji za pembeni, nikaona badala ya kujibu mmoja mmoja nifungue uzi. Mimi si mpigapicha wa kulipwa. Kazi yangu iko ghalani huku Fort Worth, Texas, na kamera ni ugonjwa wa wikendi tu. Naingia kwa tiketi kama mtazamaji yeyote na kukaa kwenye kiti nilicholipia, simjui mtu getini.

Kwa ambao hamjawahi kuiona, rodeo ni mashindano yaliyotokana na kazi za wachunga ng'ombe. Kuna kupanda fahali, kupanda farasi mkorofi mwenye tandiko na asiye na tandiko, kumwangusha maksai kwa mikono, kukamata ndama kwa kamba, kamba ya watu wawili wanaomnasa maksai mmoja, na mbio za mapipa ambazo mara nyingi ni za wanawake. Hapa kwetu eneo la Stockyards kuna ukumbi unaitwa Cowtown Coliseum, umejengwa mwaka 1908, na rodeo zipo karibu kila Ijumaa na Jumamosi mwaka mzima. Kwa viwango vya Texas ni ukumbi mdogo, na hiyo kwetu sisi wa tiketi ni neema, maana hata ukikaa katikati ya jukwaa hauko mbali na vizimba wanamotokea wanyama.

Nianze na jambo ambalo wengi wanaliruka. Kamera ya bei mbaya haikusaidii kama mchezo wenyewe huujui. Fahali anapandwa sekunde 8, basi. Ukisubiri uone tukio ndipo ubonyeze, limeshapita, umebaki na picha ya vumbi na kofia. Lazima kidole kitangulie, na hakiwezi kutangulia kama hujui mnyama anakwenda kufanya nini. Kwa hiyo jioni ya kwanza mtu akiniuliza aende na lenzi gani, namwambia aende akaangalie.

MWANGA. Ukumbini macho yanakudanganya, unaona kweupe kumbe kwa kamera ni giza. Chukua hesabu hii: farasi akikimbia kilomita 50 kwa saa anakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Ukipiga kwa shata (muda ambao kamera inaingiza mwanga) ya 1/250 ya sekunde, ndani ya muda huo mfupi kashasogea zaidi ya sentimita 5. Kwa 1/1000 amesogea sentimita moja na nusu hivi. Ndiyo maana ukumbini kwa fahali sishuki chini ya 1/800, na mwanga ukiruhusu napanda. Lenzi naifungua yote, f/2.8 au chini ya hapo (namba ikipungua tundu linapanuka), na ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, inakwenda inakotaka, 6400 ni ya kawaida kabisa. Picha yenye chenga utaisafisha nyumbani, ila iliyovutika hakuna programu itakayokurudishia uso wa mtu.

Kitu kimoja: usiiachie kamera ijiamulie mwanga. Akitoka fahali mweusi kamera inadhani kumeingia giza, inapandisha ISO, mchanga unaungua mweupe pe. Akifuata wa kijivu, inafanya kinyume chake. Taa za ukumbini hazibadiliki usiku kucha, kwa hiyo pima mara moja kwenye ule mchanga wa uwanjani, weka kila kitu kwa mkono, sahau. Na flashi izime kabla hujakaa. Karibu kila mahali ni marufuku, na wana haki, kuna mtu yuko juu ya mnyama wa kilo mia saba pale.

FOKASI. Weka ile endelevu, inayomfuata mnyama anavyosogea. Mimi fokasi nimeihamishia kwenye kitufe cha nyuma, kidole gumba kinashika fokasi, cha shahada kinapiga tu. Chagua nukta chache za katikati. Ukiziwasha zote, kamera itakung'ang'ania vyuma vya uzio, ije imkumbuke mpandaji akiwa keshafika chini.

FAHALI. Hapa ndipo utamu ulipo, tukae kidogo.

Kabla lango halijafunguliwa kuna mambo yanatokea mle kizimbani na mengi yanafaa picha. Mpandaji anavaa glavu mkono mmoja, anaviringisha ile kamba kiganjani, anaupiga ngumi mkono wake mwenyewe ili ukaze, halafu anasogeza nyonga mbele mpaka karibu akalie ule mkono. Akishafika hapo, jiandae. Atatikisa kichwa, na ndiyo ruhusa ya kufungua lango. Watazamaji wote wanakodolea lango, wewe kodolea kidevu chake. Kikishuka, anza.

Fahali haruki ovyo kama inavyoonekana kwenye televisheni. Miguu ya mbele inapanda, inashuka, kisha ya nyuma inarushwa juu. Mbele, nyuma, mbele, nyuma. Picha kali ziko mbili: mbele ikiwa juu kabisa na mpandaji kalala mbele juu ya bega la mnyama, au kwato za mbele zimetua na za nyuma ziko hewani. Katikati ya hizo ni mnyama aliyekunjamana tu. Akianza kuzunguka mahali pamoja, uso wa mpandaji unakuja upande wako mara moja kila mzunguko. Hesabu mdundo, bonyeza uso unapoanza kuja, usisubiri ufike.

Mkono ule mwingine, ulio huru, hauruhusiwi kumgusa mnyama wala kujigusa mwenyewe. Ukigusa, hakuna alama. Ndiyo maana uko juu muda wote, na ndio unaoipa picha umbo, kwa hiyo acha nafasi juu ya fremu. Na kwato msizikate wakuu. Kati ya alama 100, 50 ni za mnyama. Fahali naye ni mshindani, hakwenda pale kuwa kiti.

Kengele ya sekunde 8 ikilia, watu wanashusha kamera wapige makofi. Ndipo mchezo wa pili unapoanza. Mpandaji anatafuta namna ya kushuka, na wale wakombozi wanaokimbia kwa miguu wanaingia kati ya pembe na mtu. Picha zangu ninazozipenda zaidi zote ni za baada ya kengele.

MBIO ZA MAPIPA. Mapipa matatu, pembetatu. Wengi wanaanza na la kulia, kisha mawili wanayazunguka kushotoni. Ukiangusha pipa unaongezewa sekunde 5. Uzuri wake ni kwamba unajua farasi atapita wapi, kwa hiyo chagua pipa moja, mimi napenda la pili, weka fokasi pale na umsubiri. Pale kwenye pipa farasi anapunguza kasi na kulala upande, goti la mpandaji linakaribia kusugua bati, mchanga unaruka. Hata 1/640 inatosha. Baada ya pipa la tatu ni mbio za kurudi nyumbani moja kwa moja, hapo teremsha shata mpaka 1/80 umfuatishe na kamera. Utaharibu nyingi. Ile moja itakayokubali itakuwa na kichwa cha farasi kilichotulia na kila kitu kingine ni mistari.

Maksai kwa kifupi: mwangushaji anashuka upande wa kulia wa farasi wake, mwenzake anayemnyoosha maksai yuko upande wa pili. Ukikaa mbele yao unaona nyuso, ukikaa pembeni mara nyingi farasi mmoja anakuzibia kila kitu. Kamba ya wawili sijaimudu sana kiufundi wala hainivutii, waliobobea watuambie.

Karibuni.

#2 Mtoto wa Msimbazi

Uzi bila picha mkuu? Mimi nimeweka kambi hapa.

#3 Ngosha wa Dallas

Mkuu umetiririka vizuri. Mimi niko jirani yako, mwendo mfupi tu. Nina kamera ya zamani na ile lenzi iliyokuja nayo kwenye boksi, 18-55. Ile lenzi ndefu ya 70-200 ya f/2.8 nimeiona bei nikafunga kompyuta. Mtu wa kima cha chini anaanzia wapi?

#4 Lenzi Chakavu

@Ngosha usiuze gari. Tafuta 85mm f/1.8, iliyotumika. Canon wanayo, Nikon wanayo, na haifiki robo ya bei ya hiyo uliyoiona. Kwenye kamera yenye sensa (kile kipande kinachonasa picha) ndogo inakuletea karibu kama 130mm, ambayo kwa ukumbi wa Stockyards ukikaa safu za mbele inatosha mnyama na mtu wake. Tena f/1.8 inaingiza mwanga zaidi ya mara mbili ya f/2.8. Hasara yake ni kwamba haina zumu, kwa hiyo unachagua tukio linalokuja kwako na mengine unayaacha yapite.

Kwa kamera zilizotumika, angalia Canon 7D Mark II au Nikon D500. Za zamani, zote zinapiga picha 10 kwa sekunde na zimetengenezwa kwa mambo haya haya. Lakini usishikilie kitufe tangu lango linafunguka mpaka mtu anadondoka. Sekunde 8 mara 10 ni picha 80, utakaa usiku mzima unafuta, na kamera nyingi zikijaa zinagoma kidogo wakati fahali anafanya lile la maana. Piga tatu, pumzika, piga tatu.

Ukitaka mazoezi ya bure: pale pale Stockyards kila siku saa tano na nusu asubuhi na saa kumi jioni wanapitisha kundi la ng'ombe wenye pembe ndefu barabarani, Exchange Avenue. Ni mwendo wa taratibu, hawakimbii, ila utajifunza kumfuatisha mnyama na kushughulika na kivuli cha kofia kwenye uso wa mchungaji.

#5 Mzee wa Baridi

Nawasalimu kutoka Calgary, Kanada. Mleta uzi umesema mengi ya kweli ila naona umewafundisha watu rodeo ya ndani tu. Huku kwetu Stampede, tamasha letu la rodeo, ipo tangu 1912, siku 10 za Julai, na rodeo ni mchana jua likiwaka. ISO 100, shata 1/2000, f/4, hakuna cha chenga wala nini. Mtu mwenye lenzi ya f/5.6 anapeta.

Shida yetu ni nyingine, ni kofia. Jua la saa nane mchana, ukingo wa kofia ni mpana, uso wote mweusi. Unapata fahali safi na mtu asiye na sura. Dawa yake ni kukaa chini kadiri unavyoweza, safu za mbele kabisa. Mchanga wa uwanja unarudisha mwanga chini ya kofia, na wewe ukiwa chini unauona. Aliyekaa juu anapiga kofia.

Halafu hiyo ya 1/80 kwenye farasi mimi naiona ni mapambo. Mtu katoa hela ya tiketi, anataka picha kumi nzuri, si bahati nasibu.

#6 Lenzi Chakavu

Mzee wa Baridi, la kofia nakubali bila ubishi, na nimelichukua. Hilo lingine hapana. Picha ya farasi kwa 1/2000 inaweza kuonekana kama kasimamishwa kwenye jukwaa la makumbusho, kila unywele umeganda, hakuna anayejua kama alikuwa anakimbia au amewekewa gundi. Fahali anajieleza kwa misuli na mate, mgandishe. Farasi wa mapipa anajieleza kwa mbio. Ukimgandisha kwenye mstari ulionyooka umemnyang'anya alichokuwa nacho.

#7 Mzee wa Baridi

Haya, bahati nasibu njema.

#8 Dada Leicester

Samahani nitaharibu sherehe kidogo. Huku Uingereza kulitungwa sheria tangu 1934 kuzuia michezo ya namna hii, na sababu zilikuwa ni mateso kwa wanyama. Si kweli kwamba wale wanyama wanafungwa kamba sehemu za siri ndio maana wanaruka? Na yule ndama anayenyongwa shingo akiwa mbioni, nyie mnapiga picha tu?

#9 Lenzi Chakavu

Dada swali lako ni la haki na halijaharibu kitu. La sehemu za siri si kweli. Ule mkanda unakaa ubavuni mbele ya miguu ya nyuma, unamkera arushe teke. Ukiukaza sana anagoma kuruka kabisa. Picha ya karibu inauonyesha vizuri, ni mojawapo ya vitu ambavyo kamera imenielimisha. Wanyama hawa wanazalishwa kwa kazi hiyo na fahali mzuri ana thamani kuliko gari langu, kwa hiyo mwenye mali anamlinda.

La ndama siwezi kukutetea. Kamba inapokaza na ndama anapindukia, mimi kamera naishusha. Wengine wataniita mnafiki na sina jibu zuri. Nachopiga kwenye mchezo ule ni farasi: mpandaji akisharuka chini, farasi anarudi kinyumenyume peke yake kuifanya kamba ibaki imekaza wakati mtu anafunga miguu mitatu ya ndama. Ndama akijinasua ndani ya sekunde 6, hesabu inafutwa. Farasi anajua kazi ile kuliko watu wengi kazini kwangu.

#10 Mkongo wa Abilene

Miye niko Texas tangu nilipofika na familia, rodeo nimeona kwa mabango tu. Nisamehe kwa kuuliza wazi: mtu mweusi na kamera yake akiingia mule anaangaliwa vipi? Ule si mchezo wa wazungu?

#11 Lenzi Chakavu

Kaka, ukifika Cowtown Coliseum angalia sanamu iliyo pale nje. Ni mtu anamwangusha maksai, na mtu huyo ni mweusi. Anaitwa Bill Pickett, mzaliwa wa Texas mwaka 1870, na ndiye anayetambuliwa kuwa mwanzilishi wa mchezo wa kumwangusha maksai kwa mikono. Yeye alikuwa anamng'ata mdomo wa juu, alijifunza kwa kuangalia mbwa wa machungani. Kipindi chake viwanja vingi vilikuwa havimruhusu kushindana na wazungu. Leo mchezo wake uko kwenye kila rodeo kubwa ya Marekani.

Kuna hata rodeo ya watu weusi inayozunguka miji mbalimbali tangu 1984, inaitwa Bill Pickett Invitational Rodeo. Ukisikia imefika karibu yako, usiulize mara mbili. Mavazi, farasi, namna watu wanavyopanda, jukwaa lenyewe, hutajua uelekeze kamera wapi.

Kuhusu kuangaliwa: utaangaliwa kwa sababu ya kamera kubwa kabla ya ngozi. Msalimie aliyekaa jirani yako, mwombe radhi mapema kwamba utainuka inuka. Wazee wa pale wakijua unapenda mchezo wanakuwa waalimu wako. Aliyenifundisha kuangalia kidevu ni bibi mmoja aliyekuwa anakula njugu safu ya nyuma yangu, wanawe wote walikuwa wapanda fahali.

#12 Kijana wa Kengeja

Nyie wenzetu mnalipa tiketi, sie Pemba ng'ombe tunachezewa uwanjani bure hahaha. Mchezo wa ng'ombe, dume kafungwa kamba ndefu, mchezaji anamchokoza kwa nguo, kinamama wanaimba, watoto juu ya miembe. Ng'ombe hauawi, wala hapandwi. Ila ng'ombe wetu hana mdundo huo unaousema, anasimama, anafikiri, mara kaja. Simu yangu kila picha ni nguo tu na mgongo wa mtu. Nifanyeje?

#13 Lenzi Chakavu

Kijana wa Kengeja, hiyo natamani kuipiga kuliko rodeo, wallahi. Natania nusu tu.

Dume anayesimama na kufikiri mwangalie kichwa. Ng'ombe akitaka kuja, kichwa kinashuka kwanza na masikio yanaelekea kitu kimoja. Hiyo nayo ni kama kidevu cha mpandaji, ni ilani. Kuhusu kupata mgongo wa mtu, usisimame nyuma ya mchezaji. Simama pembeni, ile kamba uione ikiwa imenyooka kutoka kushoto kwako kwenda kulia. Hapo dume na mchezaji wote utawapata ubavu, na nafasi kati yao itaonekana. Nafasi hiyo ndiyo hofu yenyewe. Na hakikisha urefu wa kamba unaujua vizuri kabla hujachagua pa kusimama, hapo hakuna uzio wa chuma.

Simu: nenda karibu na mchana wenye jua, shikilia kidole juu ya dume mpaka fokasi na mwanga vifunge, kisha piga mfululizo. Usivute zumu ya kidole, unakata ubora bure. Bora upunguze pembeni baadaye.

#14 Bi Shela

Kumbe na mbio zetu za punda za Lamu mambo ni hayo hayo. Pale ufukoni njia ni nyembamba, watu wamejaa, punda akipita huna muda wa kuwaza. Mimi husimama penye kona maana hapo punda hupunguza mwendo na mpandaji huegemea. Nilikuwa nafanya kwa mazoea, leo nimepata na sababu.

#15 Ngosha wa Dallas

Mkuu nimenunua ile 85, nikaenda juzi. Kuna kitu kimenichanganya. Nilipiga mfululizo, sehemu ile ile, mpangilio ule ule, lakini picha moja ya njano, inayofuata ya kijani kidogo, inayofuata nyeusi nusu. Kamera imekufa?

#16 Lenzi Chakavu

Kamera nzima, taa ndizo zinakuchezea. Umeme wa huku ni wa mizunguko 60 kwa sekunde, kwa hiyo taa nyingi zinafifia na kuwaka mara 120 kila sekunde. Jicho halioni. Ukipiga kwa 1/1000 unakata kipande kidogo cha ule mzunguko, picha moja inakuta taa iko juu, nyingine inakuta inashuka, na rangi inabadilika nayo. Nyumbani Tanzania na Kenya ni 50, kwa hiyo ni mara 100, ila ugonjwa ni ule ule.

Tafuta kwenye menyu sehemu ya kupunguza kupepesa kwa taa (flicker). Hiyo 7D Mark II niliyokutajia inayo, D500 inayo. Kamera inasubiri taa ifike juu ndipo inapiga, kasi ya mfululizo inapungua kidogo lakini rangi inatulia. Kama yako haina, piga RAW, yaani faili ghafi la kamera, usawazishe rangi moja moja nyumbani. Na wenye kamera mpya zisizo na kioo, zimeni ile shata ya kimyakimya. Chini ya taa hizi inaleta mistari kwenye picha, na mnyama wa kasi anaweza kutoka amepinda.

#17 Mama wa Mapacha

Nipo Houston, rodeo yetu ya Machi nimeshakata tiketi ya familia. Mbili za haraka: lenzi yangu ni ndefu, watanikubalia? Na wale watoto wanaopanda kondoo, mtu anaruhusiwa kuwapiga picha na kuziweka mtandaoni?

#18 Lenzi Chakavu

Lenzi: soma masharti ya uwanja husika kabla hujatoka nyumbani, na uyasome mwaka huu, si ya mwaka jana. Viwanja vikubwa vingi vinakataa kamera za kubadilisha lenzi au vinaweka kikomo cha urefu, na mlinzi wa getini habishaniki. Niliwahi kurudishwa kwenye uwanja mmoja, nikatembea mpaka maegesho na begi langu. Tena pale kwenu uwanja ni wa mpira, kutoka viti vya juu hata 200mm inakuonyesha sisimizi. Kama bajeti ni ndogo, nunua kiti cha chini kabla ya kununua lenzi.

Watoto wa kondoo: picha zao ni raha, helmeti kubwa kuliko mtoto, kang'ang'ania manyoya kwa mikono yote. Shata 1/500 inatosha, na piga chini kwenye usawa wa macho yao. Lakini kuweka mtandaoni mimi nafanya tu kama nimemwona mzazi na amekubali. Kwa kawaida mzazi yuko pale pale kwenye uzio, anarekodi na simu inayotetemeka, na ukimwonyesha ya kwako atakupa barua pepe umtumie. Nimepata marafiki kwa njia hiyo.

#19 Ngosha wa Dallas

Hii hapa ya jana. [picha] Fahali wa kahawia, mtu wa shati jekundu. Rangi zimetulia sasa. Nisemeni bila huruma.

#20 Mzee wa Baridi

Uso unaonekana, kofia haijauzima. Kijana umekaa chini, safi. Shata ngapi?

#21 Ngosha wa Dallas

1/1000, f/2, ISO 5000.

#22 Lenzi Chakavu

Wakati ni wenyewe, kwato za nyuma ziko hewani na mkono huru uko juu. Nyuma yake kuna tangazo jeupe linavuta jicho, na hilo ni la kiti, si la kamera: hamia viti vitano hivi kulia kwako uone kama nyuma panakuwa na giza la vizimba. Kwato ya mbele kushoto umeikata. Kwa 85 huwezi kurudi nyuma ukiwa umekaa, kwa hiyo ama panda safu mbili juu, ama mwache atoke kizimbani hatua kadhaa ndipo uanze. Na iweke ile ya pili uliyotaja kwenye meseji, mkombozi akiwa ameshika pembe, hata kama ina ukungu. Nataka kuona amesimama upande gani.

#23 Ngosha wa Dallas

Naipandisha nikitoka kazini.